Baba aliendesha Garratt za Mombasa–Nairobi, nami naishi Gorton: nimwonyeshe nini?

*"Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi, kwetu ni Voi, na tangu mwaka jana naishi Gorton hapa Manchester. Baba yangu ana miaka 82. Aliajiriwa East African Railways mwaka 1964, akaanza kwa kufuta masizi kwenye vichwa vya treni, akawa mtunza moto, mwisho akawa dereva, miaka yote njia ya Mombasa–Nairobi. Nilipomtajia mtaa wetu alisema, 'Huko ndiko Garratt zetu zilikozaliwa.' Mwezi wa tano anakuja kututembelea na anataka kuonyeshwa kiwanda. Nimezunguka, sijaona kitu. Jirani yangu Mwingereza anasema vichwa vya treni vilitengenezwa Crewe, hapa hapakuwa na lolote la maana. Halafu kaka yangu anabishana na baba: baba anasema Garratt ni vichwa viwili ndani ya kimoja, kaka anasema ni kimoja tu kirefu. Jambo la mwisho, baba alinipa bamba zito la shaba lililoandikwa Beyer Peacock, Manchester, namba ya tarakimu nne na mwaka 1955. Kuna mtu wa mtandaoni anataka kulinunua, ameniambia nilisugue ling'ae kisha nimtumie picha. Nifanye nini? Na je, baba amekosea mtaa?"*

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokusumbua: baba yako hajakosea mtaa wala kumbukumbu yake haijachoka. Garratt za darasa la 59, zile kubwa zilizokuwa zikipanda na mizigo kutoka pwani hadi Nairobi, zilijengwa zote 34 hapo Gorton, katika kiwanda cha Beyer, Peacock and Company, mwaka 1955 na 1956. Hakukuwa na vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko hivyo kwenye reli yoyote ya upana wa mita moja duniani. Vilipewa majina ya milima ya kwetu. Vikafunguliwa vipande, vikapakiwa melini, vikashushwa Kilindini na kuunganishwa upya. Kwa hiyo mzee anapotumia neno "zilikozaliwa" ametumia neno lake sawasawa.

Jirani yako naye hajasema uongo, amesema nusu tu, na ni nusu inayojulikana na Waingereza wengi. Kampuni za reli za Uingereza zilikuwa na karakana zao wenyewe: Crewe, Swindon, Derby na kwingineko. Zilijijengea vichwa kwa ajili ya njia zao. Mbali na hizo kulikuwa na makampuni binafsi yaliyojenga kwa kuuza, na Beyer Peacock lilikuwa mojawapo ya makubwa. Katika miaka ya 1870 karakana ya Crewe ilianza kuiuzia vichwa kampuni nyingine ya reli. Watengenezaji binafsi wakaenda mahakamani, na mwaka 1876 karakana za reli zikakatazwa kuwauzia wengine. Lakini hata baada ya ushindi huo soko la nyumbani lilibaki finyu, maana kampuni kubwa za reli zilikuwa zinajitosheleza. Watengenezaji binafsi wakageukia ng'ambo: Amerika Kusini, India, Australia, Afrika. Mtoto wa Kiingereza aliyekua akitazama treni kwenye stesheni ya mtaani alikuwa akiona kazi ya Crewe na Derby kila siku. Kazi ya Gorton ilitoka getini ikaenda bandarini. Ndiyo maana mtu anaweza kuzeeka mita mia tatu kutoka mahali kiwanda kilipokuwa asijue kilitengeneza nini, na mzee wa Voi akajua.

Kiwanda chenyewe kilianzishwa mwaka 1854. Charles Beyer alikuwa Mjerumani kutoka Plauen huko Saxony, mchoraji wa mitambo mwenye jicho kali, na mmoja wa waasisi wa chama cha wahandisi wa mitambo cha Uingereza mwaka 1847. Richard Peacock alikuwa tayari anaifahamu Gorton, kwani alikuwa msimamizi wa vichwa vya treni katika kampuni ya reli ya Manchester, Sheffield na Lincolnshire na ndiye aliyeisimamisha karakana yake hapo hapo. Mshirika wa tatu, Henry Robertson, alileta mtaji. Gorton wakati huo ilikuwa nje ya mji, ardhi yake ya bei nafuu, na reli inapita katikati. Haikuingizwa kikamilifu ndani ya Manchester mpaka 1909. Kichwa cha kwanza kilitoka mwaka 1855. Mwaka 1864 wakaijengea Metropolitan Railway ya London vile vilivyovuta treni za chini ya ardhi. Kimoja, namba 23, kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya usafiri ya London. Hadi milango inafungwa mwaka 1966 walikuwa wamejenga karibu vichwa 8,000.

Ukiuliza watu wa Gorton, jihadhari na jambo moja linalowachanganya hata wenyeji. Viwanda vilikuwa viwili, vimetazamana, reli ikivitenganisha. Upande wa kusini ndio Beyer Peacock, kilichoitwa Gorton Foundry. Upande wa kaskazini ilikuwa karakana ya kampuni ya reli, ile ya Peacock wa zamani, na watu waliiita Gorton Tank. Hiyo ya kaskazini ilifungwa 1963 na mahali pake leo pana soko la jumla la New Smithfield. Mzee wa Kiingereza akikuambia "baba yangu alifanya kazi Tank", huyo si mtu wa Garratt. Muulize aliyefanya kazi Foundry.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa baba na kaka, ambao kwangu ndio moyo wa swali lako lote.

Fikiria tatizo walilokuwa nalo watu wa reli ya Kenya na Uganda. Reli ni ya upana wa mita moja. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 530, na treni inapanda zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kona juu ya kona. Ukitaka nguvu zaidi unahitaji mvuke mwingi zaidi, na mvuke mwingi unataka boila nene na tanuru pana. Katika kichwa cha kawaida boila inakaa juu ya magurudumu. Ukiinenepesha inabidi uiinue, ikiinuka sana kichwa kinakuwa na hatari ya kuyumba, na tanuru linabanwa na magurudumu yaliyo chini na pembeni yake. Ukikirefusha kichwa, hakikunji kona. Ukikiongezea uzito kwenye ekseli zile zile, unaharibu reli na madaraja. Kila mlango unaojaribu kuufungua, umefungwa.

Njia iliyokuwa inatumika ni kufunga vichwa viwili mbele ya treni moja. Inafanya kazi, lakini ni boila mbili za kutunza, matanuru mawili, dereva wawili, watunza moto wawili, na mishahara ya wote hao.

Herbert William Garratt, mhandisi Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi ng'ambo miaka mingi, alipeleka wazo lake Gorton na kulisajili mwaka 1907. Aligawa mtambo sehemu tatu. Mbele kuna injini kamili: silinda mbili, magurudumu yake, na tangi la maji juu yake. Nyuma kuna injini nyingine kamili, imegeuzwa kinyume, nayo imebeba mafuta au makaa pamoja na maji. Katikati kuna boila, tanuru na chumba cha dereva, vyote juu ya fremu moja isiyo na gurudumu hata moja chini yake. Fremu hiyo imelala juu ya egemeo mbili, moja kila upande, na kila injini inageuka kwa uhuru chini ya egemeo lake.

Wewe ni muuguzi, umebeba machela. Watu wawili wakibeba mgonjwa kwenye njia ya kupinda, kila mmoja anageuka na njia kwa wakati wake, na machela inakata kwa ndani ya kona. Garratt inafanya hivyo hivyo. Na hapo kuna faida ambayo watu hawaifikirii: kwenye kona mwendo huusukuma mzigo kwenda nje, lakini boila ya Garratt, kwa kuwa inakata kwa ndani, uzito wake unaegemea upande wa ndani. Inatulia pale ambapo kichwa cha kawaida kirefu kingehangaika.

Faida kubwa zaidi ni ule uwazi ulio chini ya boila. Hakuna gurudumu la kulikwepa. Boila ya darasa la 59 ilikuwa na kipenyo cha futi saba na nusu, yaani karibu mita 2.3, juu ya reli zilizoachana mita moja! Boila nene kuliko mara mbili ya upana wa njia. Mzigo wote, kama tani 252, uligawanywa juu ya magurudumu 28, na 16 kati ya hayo ndiyo yaliyovuta. Uzito kwa kila ekseli ya kuvuta haukuzidi tani 21 hivi. Nguvu ya kuvuta ilikuwa ratili 83,350, sawa na kilo zipatazo 37,800. Kichwa kimoja kilipanda kuelekea Nairobi na treni ya tani 1,200, mahali pengine mlima ukipanda mita moja na nusu kwa kila mita mia.

Kwa hiyo nani amesema kweli, baba au kaka? Injini ni mbili, boila ni moja. Baba anahesabu injini, kaka anahesabu boila. Lakini kama ni lazima nimpe mmoja haki, nampa baba, kwa sababu kwa mtu aliyekuwa ndani ya kile chumba zilikuwa mbili kweli kweli. Injini ya mbele na ya nyuma hazijaunganishwa kwa chuma chochote cha kuzifanya zizunguke pamoja. Kinachoziunganisha ni mvuke tu. Moshi na mvuke uliotumika wa zote mbili hutokea bomba moja. Ukisikiliza Garratt ikipanda, utasikia mapigo ya mbele na ya nyuma yakienda pamoja kwa nguvu, kisha taratibu yakiachana mpaka yakawa mapigo mengi mepesi mfululizo, kisha yakirudiana. Dereva mzoefu aliufuata mlio huo njia nzima. Injini moja ikiteleza, mlio unabadilika kabla mkono wake haujahisi chochote kwenye lever.

Kuteleza kulikuwa udhaifu halisi wa Garratt, na ni vizuri kaka yako ajue kwamba mtambo huu haukuwa bila kasoro. Maji yaliyo kwenye tangi la mbele ndiyo yanayoyakandamiza magurudumu ya mbele kwenye reli. Kadiri safari inavyokwenda maji yanapungua, injini inakuwa nyepesi, na magurudumu yanaanza kukosa mshiko, hasa reli ikiwa na umande. Halafu mabomba ya mvuke yanayokwenda kwenye injini zinazogeuka huku na huku lazima yawe na viungo vinavyozunguka, na viungo hivyo vinataka kutunzwa, la sivyo vinavuja. Na kila injini ilikuwa na silinda zake, mikono yake, vyuma vyake vya kupaka grisi. Ulikuwa mtambo uliotaka watu wanaojua kazi. Watu hao, kwa sehemu kubwa ya maisha ya darasa la 59, walikuwa watu wa kwetu: Waafrika walioanza na vitambaa vya kufuta masizi kama baba yako, na Waasia wa Afrika Mashariki, wengi wao Masingasinga, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye bamba lolote.

Hapo ndipo napenda uitazame ziara hii kwa jicho tofauti kidogo. Unaniuliza umwonyeshe nini. Gorton ya leo ina kidogo cha kumwonyesha, na yeye ana kingi cha kuionyesha Gorton. Waliojenga mashine hizi waliziona zikitoka getini zikiwa na rangi mpya. Hawakuziona zikipanda kutoka Voi kwenda Mtito Andei usiku zikiwa na tani 1,200 nyuma. Hilo analijua baba yako, na wenye kulijua wanapungua kila mwaka. Kabla hujapanga safari yoyote, mrekodi. Simu yako inatosha. Usimwulize "hebu nisimulie maisha yako", atakujibu kwa sentensi tatu anyamaze. Muulize vitu vidogo vya mkono. Darasa la 59 lilichoma mafuta mazito, halikuchoma makaa, kwa hiyo mtunza moto hakuwa na koleo: alikuwa na vali ya mafuta, vali ya mvuke wa kuyanyunyiza, kioo cha maji, na macho ya kuangalia rangi ya moshi. Muulize moshi mweusi ulimwambia nini, na mweupe ulimwambia nini. Kwenye vichwa vya mafuta watunza moto walikuwa na desturi ya kutupa mchanga ndani ya tanuru ili mkondo wa hewa uukokote kwenye mirija ya boila na kukwangua masizi. Muulize yeye walifanyia wapi, na bomba lilitoa wingu gani. Muulize kuhusu behewa la kulala lililofungwa nyuma ya kichwa, ambako kikosi kimoja kilipumzika huku kingine kikiendesha: nani alipika, na alipika nini. Utaona mzee anavyofunguka.

Kuhusu mahali penyewe, nitakuambia ukweli ili asije akavunjika moyo. Baada ya 1966 kiwanda kilisambaratishwa. Sehemu kubwa ilibomolewa au kupewa kazi nyingine. Hakuna karakana ya kuingia wala reli ya majaribio ya kutembea juu yake. Dizeli ndizo zilizowamaliza. Walijaribu kuhamia huko na wakaijengea British Railways dizeli 101 za aina ya Hymek mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini mashine hizo zilipeleka nguvu kwenye magurudumu kwa mafuta ya haidroliki, na wenye reli wakaamua kubaki na dizeli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu kwa umeme. Oda zikakauka.

Hata hivyo mtaa bado umesimama juu ya pesa na jasho la kiwanda kile. Mpeleke Gorton Lane kwenye kanisa la Mtakatifu Fransisko, ambalo kila mtu analiita Gorton Monastery. Lilichorwa na Edward Welby Pugin kwa ajili ya watawa Wafransisko waliofika hapo mwaka 1861, likakamilika 1872, na kwa miaka zaidi ya mia lilikuwa kanisa la familia za mafundi. Watawa waliondoka 1989, wezi na waharibifu wakalivamia, na mwaka 1998 liliorodheshwa na World Monuments Fund miongoni mwa maeneo 100 yaliyo hatarini zaidi duniani. Wenyeji walilipigania mpaka likafunguliwa tena 2007. Ukisimama mbele yake uko jirani kabisa na mahali pa kiwanda. Mwambie baba awazie kelele za nyundo za ribiti kutoka upande wa reli.

Kisha twende Hyde Road, kanisa la Brookfield. Peacock alikuwa Muyunitari, yaani muumini wa dhehebu la Kikristo lisilofuata fundisho la Utatu, na ndiye aliyelilipia. Lilichorwa na Thomas Worthington na kumalizika 1871. Kaburi la familia yake liko uwanjani, jengo dogo la mawe lenye sanamu za watu wa kazi kwenye pembe zake. Napenda sana kwamba tajiri yule, aliyekuja kuwa mbunge wa kwanza wa Gorton mwaka 1885, alitaka kulindwa na mafundi hata baada ya kufa. Beyer kwa upande wake alitoa fedha za kanisa la Mtakatifu Marko, West Gorton. Hapo ndipo watu wa kanisa walipoanzisha timu ya mpira mwaka 1880, na timu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Manchester City. Kama jirani yako ni shabiki, mwambie hilo, halafu mualike chai siku baba atakapofika.

Lakini mzee wa reli anataka kuona chuma. Chaguo la karibu ni Makumbusho ya Sayansi na Viwanda katikati ya Manchester, Liverpool Road. Wana Garratt ya Gorton, ya darasa la GL, namba 2352, iliyojengwa kwa ajili ya reli ya Afrika Kusini upande wa Durban. Si ya kwetu, lakini ni ndugu wa tumbo moja: atatambua egemeo, viungo vya mvuke, na tangi la mbele. Haitembei. Ukumbi wa injini umewahi kufungwa kwa muda mrefu kwa ukarabati, kwa hiyo piga simu kabla hujamtoa mzee nyumbani.

Chaguo la pili ni mbali lakini, kama miguu yake inaruhusu, mimi ningelichagua hilo. Kule Wales kaskazini, kati ya Caernarfon na Porthmadog, Welsh Highland Railway inaendesha Garratt zilizo hai, zikivuta abiria mlimani. Ni ndogo, reli yake ni ya sentimita 60 tu, na nyingi zilitoka Afrika Kusini. Mojawapo, namba 143, ndiyo Garratt ya mwisho kabisa kujengwa Gorton, mwaka 1958. Ni safari ya saa mbili au tatu kwa gari. Angalia ratiba ujue siku hiyo kichwa gani kinafanya kazi, na mkate tiketi kwenye behewa la karibu na injini. Nataka asikie yale mapigo yakiachana na kurudiana. Picha haziwezi kumpa hilo.

Na kama safari ya Wales itamchosha, kumbuka kwamba akirudi nyumbani Nairobi ipo. Kwenye Makumbusho ya Reli kuna namba 5918, Mount Gelai, na 5930, Mount Shengena, ndizo za darasa la 59 zilizonusurika. Gelai ni mlima ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena ni kilele cha Upare. Huenda amewahi kuziendesha mwenyewe.

Sasa lile bamba. Usilisugue. Nasema hivyo kwa sauti kubwa. Brasso na dawa nyingine za kung'arisha huondoa tabaka la chuma kila unapozitumia, zinalainisha makali ya herufi, na zinafuta mabaki ya rangi yaliyo katikati ya maandishi, ambayo ndiyo ushahidi wa maisha ya bamba. Lipanguse vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Anayekwambia ulisugue kabla ya picha ama hajui kazi yake, ama anajua sana.

Namba ya tarakimu nne uliyoiona ni namba ya kiwanda, tofauti na namba ya reli. Mount Gelai ilikuwa 5918 kwa watu wa reli, lakini Gorton waliihesabu kwa mfululizo wao wenyewe ulioanza 1855. Nyaraka za Beyer Peacock, michoro na daftari za oda, zimehifadhiwa na makumbusho hayo hayo ya Liverpool Road. Waandikie, wape namba na mwaka, uombe kuonana na mhifadhi ana kwa ana na bamba mkononi. Akilinganisha namba na daftari, baba ataambiwa ni mlima upi aliubeba nyumbani.

Jiandae pia kwa jibu usilolipenda, maana nakala za bamba hizi zipo. Fundi wa kusubu akitumia bamba la asili kama kielelezo, nakala yake hutoka ndogo kidogo, kwa sababu shaba ikipoa husinyaa kiasi cha milimita moja na nusu kwa kila sentimita kumi. Mhifadhi atalipima kwa dakika mbili. Angalia mwenyewe upande wa nyuma na matundu ya bolti: bamba lililokaa miaka ishirini na tano kwenye kichwa kinachotetemeka lina alama za bolti hizo. Kwa kuwa limetoka mkononi mwa baba yako, mimi naelekea kuamini ni la kweli, lakini imani yangu si kipimo.

Kuuza au kutouza ni uamuzi wenu kama familia, na sitawahukumu mkiuza; wakusanyaji hulipia vitu hivi vizuri, na ada za shule ni kitu halisi. Naomba tu yafanyike mambo mawili kwanza. Muulize baba alilipataje, kwa upole. Vichwa vilipokatwakatwa kuwa vyuma chakavu wengi waliondoka na kumbukumbu kwa ruhusa ya wakubwa wao, na maelezo yake, yakiandikwa na kutiwa saini, yatalilinda bamba lisije likaonekana mali ya wizi. Pili, msimuuzie mtu wa mtandaoni asiyejulikana. Pelekeni kwenye mnada unaotambulika wa vitu vya reli, baada ya mhifadhi kuliona. Lipo pia chaguo la kuwaazima makumbusho, hapa au Nairobi, jina la baba likiandikwa kando yake.

Nimalizie na jambo ambalo wewe kwa kazi yako utalielewa haraka kuliko mimi. Boila za mvuke za enzi zile zilivikwa asbesto kuzuia joto lisipotee, na waliozifungua na kuzifunga tena walivuta vumbi lake. Kwa hiyo ukimkuta mtu anauza vipande vya "vazi la boila" kama ukumbusho, usiguse, na msiingie kwenye jengo lolote chakavu karibu na reli hata kama geti liko wazi. Na kama mzee ana kikohozi kisichoisha au pumzi inakatika akipanda ngazi, mpeleke kwa daktari wa kifua, na kabla hajaulizwa kuhusu sigara mwambie daktari waziwazi kwamba huyu alifanya kazi kwenye vichwa vya mvuke tangu 1964. Ugonjwa wa asbesto unaweza kujificha miaka arobaini, na daktari asiyejua historia hiyo hatautafuta.